Kuchagua Gia Katika Mwendo Mdogo: Funzo la Fizikia kutoka Barabara za Unguja

Mpanda baiskeli anayetoka Bububu kwenda Kijichi, naye amefunga polo la muhogo nyuma ya kiti, huanza kupanda mlima akiwa ameketi. Baada ya hatua kadhaa husimama juu ya pedali ili uzito wake wote umsaidie. Mwishowe hushuka, akashika usukani na kusukuma. Haiwezi kusemwa kwamba mtu huyu ameishiwa na nguvu, kwani kuufikisha mzigo ule ule juu ya mlima ule ule kwa kusukuma si kazi ndogo. Kilichomshinda ni kwamba baiskeli yake ina gia moja tu, na gia hiyo haikuafikiana na mlima.

Dereva wa gari halazimiki kushuka. Mkononi mwake mna gia nne au tano, na katika mlima huo huo aweza kuchagua inayofaa. Hata hivyo mara nyingi huonekana gari likitetemeka, likigonga, kisha likazima katikati ya njia na kuanza kurudi nyuma, na huko nyuma pengine wapo watu wanaotembea kwa miguu. Dereva husema kwamba gari limekosa nguvu. Ukweli ni kwamba injini ilikuwa nzima, ila ilitakiwa kufanya kazi katika mwendo ambao haiwezi kuifanya.

Makala haya yanaeleza namna gia inavyochaguliwa gari linapokwenda polepole. Wanafunzi wengi wa udereva hukariri kwamba kila gia ina mwendo wake, wakadhani kuwa kutazama saa ya mwendo kunatosha. Fizikia hufundisha jambo jingine: mwendo mdogo si lazima uwe kazi ndogo. Gia huchaguliwa kwa kupima mambo mawili pamoja, yaani mwendo wa gari na mzigo ambao injini inatakiwa kuushinda. Ili jambo hili lionekane wazi, gari moja la mfano litafuatwa katika safari fupi: kutoka kando ya Mji Mkongwe penye msongamano wa Darajani, kupitia kiplefti cha Michenzani, hadi mlima wa Kijichi, na mwisho katika njia za mchanga za pwani ya mashariki.

GIA NI WENZO UNAOZUNGUKA

Mwanafunzi aliyesoma habari za wenzo anafahamu kwamba mtu aweza kuinua jiwe zito kwa mtaimbo mrefu, mradi akubali kuusukuma mkono wake mwendo mrefu ili jiwe lipande kidogo. Anachopata katika kani hukilipa katika umbali. Gia hufuata sheria hiyo hiyo. Gurudumu la meno 10 likizungusha gurudumu la meno 20, lile kubwa litazunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya lile dogo. Mwendo umepungua kwa nusu, lakini kani ya kuzungusha, ambayo hapa itaitwa kani msokoto, imekuwa maradufu.

Ndani ya gari mzunguko wa injini hupunguzwa mara mbili. Kwanza hupunguzwa katika giaboksi, kwa kiasi kinachotegemea gia iliyotiwa. Kisha hupunguzwa tena katika difu, kwa kiasi kisichobadilika. Tuseme gari la mfano lina uwiano wa gia ufuatao: gia ya kwanza 3.5, ya pili 2.0, ya tatu 1.4, na ya nne 1.0. Tuseme tena kwamba difu hupunguza mzunguko mara 4, na kwamba gurudumu likizunguka mara moja gari husogea mita 1.8. Tarakimu hizi zimechaguliwa ili hesabu iwe nyepesi, lakini haziko mbali na zile za magari madogo ya kawaida.

Kwa gia ya kwanza, injini huzunguka mara 3.5 × 4, yaani mara 14, kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Kwa gia ya pili huzunguka mara 8, kwa ya tatu mara 5.6, na kwa ya nne mara 4. Kwa sababu hiyo gia ya kwanza na ya pili zitaitwa hapa gia za chini, nazo ndizo zenye kani kubwa na mwendo mdogo. Gia ya tatu na ya nne zitaitwa gia za juu.

MPAKA WA CHINI WA INJINI

Kama gia ya kwanza huzidisha kani msokoto mara 14, yaweza kuulizwa kwa nini injini yenyewe isizungushwe polepole sana, ikapata kani kwa njia hiyo. Jibu limo katika namna injini inavyofanya kazi.

Katika injini ya mapigo manne, kila silinda huvuta hewa na mafuta, huyagandamiza, huyachoma, kisha hutoa moshi. Pigo moja tu kati ya hayo manne ndilo linalosukuma, nayo mapigo manne hutimia krenki inapozunguka mara mbili. Injini ya silinda nne basi hupata misukumo miwili katika kila mzunguko. Ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, misukumo hufika 80 kwa sekunde, na masikio huisikia kama sauti moja isiyokatika. Ikishuka hadi mizunguko 600 kwa dakika, misukumo huwa 20 tu kwa sekunde. Kati ya msukumo na msukumo, krenki huendelea kuzunguka kwa sababu ya gurudumu zito lililofungwa nyuma ya injini, ambalo huhifadhi nishati ya mzunguko. Katika mizunguko michache nishati hiyo ni kidogo mno. Mzigo ukiwa mkubwa, krenki hupungua mwendo kabla msukumo wa pili haujaifikia. Hapo ndipo gari hutetemeka, na mtetemeko usipotibiwa injini huzima.

Dereva anayekanyaga mafuta zaidi katika hali hiyo haponyi kitu. Huongeza ukali wa kila msukumo bila kuongeza idadi yake. Mchanganyiko wa hewa na mafuta waweza kuwaka kwa mshindo usio wa kawaida, injini ikagonga. Pampu ya oili nayo huzungushwa na injini, hivyo mizunguko ikiwa michache oili hufika kwa nguvu ndogo katika beringi za krenki, wakati ule ule ambapo beringi hizo zinabeba mzigo mkubwa. Mazoea haya hulipwa baadaye kwa fundi.

Tuseme injini ya gari la mfano, isipokanyagiwa mafuta, huzunguka mara 800 kwa dakika, na kwamba ikiwa na mzigo hupendelea isishuke chini ya mizunguko 1,500. Kutokana na uwiano wa gia uliotajwa, mwendo wa gari utakuwa kama ifuatavyo:

Gia ya kwanza: kilomita 6 kwa saa katika mizunguko 800, kilomita 12 katika mizunguko 1,500.
Gia ya pili: kilomita 11 katika mizunguko 800, kilomita 20 katika mizunguko 1,500.
Gia ya tatu: kilomita 15 katika mizunguko 800, kilomita 29 katika mizunguko 1,500.
Gia ya nne: kilomita 22 katika mizunguko 800, kilomita 40 katika mizunguko 1,500.

Tarakimu ya kwanza ya kila mstari ni mpaka wa chini katika barabara tambarare, gari likijikokota lenyewe. Tarakimu ya pili ni mpaka wa chini ikiwa gari linapanda, limejaza watu, au linatakiwa kuongeza mwendo. Nafasi iliyopo kati ya tarakimu hizo mbili ndiyo inayowatatiza madereva, nayo ndiyo mada ya safari hii.

DARAJANI: MWENDO WA MTU ANAYETEMBEA

Vichochoro vya ndani ya Mji Mkongwe havipitiki kwa gari. Huko hupita watu, baiskeli, vespa na pikipiki. Magari hubaki pembezoni, na mengi yao hukutana Darajani, mbele ya soko lililojengwa mwaka 1904. Mahali hapa ni tambarare, kwa kuwa kando yake palikuwa na hori la bahari ambalo baadaye lilifukiwa, na jina la Darajani ni kumbukumbu ya daraja lililolivuka. Hakuna mlima wa kuishinda injini. Tatizo la hapa ni wingi wa watu.

Mtu hutembea kiasi cha kilomita 5 kwa saa. Kama inavyoonekana katika orodha, hata gia ya kwanza haiwezi kwenda polepole kiasi hicho klachi ikiwa imeachiwa kabisa. Gia ya pili ndiyo haifai zaidi, kwani bila ya mafuta hutaka kwenda kilomita 11, mara mbili ya mwendo wa watu wanaovuka. Dereva anayeing'ang'ania gia ya pili Darajani hulazimika kuishikilia klachi nusu, ikisuguana mfululizo kama breki.

Gharama ya msuguano huo yaweza kuhesabiwa. Gari linapoanza kutoka kusimama, sahani ya klachi huteleza mpaka mwendo wa gari ulingane na ule wa injini. Ikiwa injini imeshikiliwa katika mzunguko usiobadilika na barabara ni tambarare, nishati inayogeuka joto katika klachi hulingana na nishati ya mwendo ambayo gari limeipata. Gari la mfano likiwa na abiria lina kilogramu 1,200. Kwa gia ya kwanza klachi huacha kuteleza gari linapofika mita 1.7 kwa sekunde, na joto lake ni takriban jouli 1,760. Kwa gia ya pili huacha kuteleza katika mita 3 kwa sekunde, na joto ni jouli 5,400. Kwa hiyo dereva anayeanza mwendo kwa gia ya pili huichoma klachi yake mara tatu zaidi ya anayeanza kwa gia ya kwanza. Akifanya hivyo mara mia kwa siku, klachi haitadumu.

Njia iliyo bora ni kutia gia ya kwanza, kuachia klachi yote, na kuliacha gari lijikokote bila mafuta. Likiikaribia gari la mbele, dereva akanyage klachi na breki, asimame, angoje nafasi ya mita chache ifunguke, kisha aondoke tena. Kusimama na kwenda kwa namna hii huipumzisha klachi. Kadhalika humpa dereva faida iliyo kubwa kuliko klachi: macho yake hubaki barabarani. Mtoto aweza kuchomoza kutoka kichochoroni bila kutarajiwa, na dereva anayeshughulika kuizuia injini isizime atamwona akiwa amechelewa.

MICHENZANI: KUINGIA NA KUTOKA

Katika kiplefti cha Michenzani, ambapo barabara za majumba marefu hukutana, hali ni nyingine. Gari hufika kwa gia ya tatu au ya nne, hupunguza mwendo hadi kilomita 20 hivi, kisha hutafuta nafasi ya kuingia. Kwa mwendo huo gia ya tatu huizungusha injini mara 1,040 kwa dakika. Ikiwa gari halitaongeza mwendo, injini yaweza kuvumilia. Lakini anayeingia kipleftini hana budi kuongeza mwendo punde nafasi ipatikanapo, na kwa gia ya tatu gari litasita wakati ule ule linapotakiwa kuitika. Gia ya pili huizungusha injini mara 1,480, na hiyo hutosha.

Utaratibu wake ni kupunguza mwendo kwanza kwa breki, kisha kutia gia ya pili kabla ya kukata kona, ili mikono yote miwili iwe juu ya usukani gari linapozunguka. Breki ndiyo inayolipunguza gari mwendo. Gia huliandaa kuondoka tena. Madereva wanaotumia gia mahali pa breki huichakaza klachi, ambayo ni ghali na ngumu kuibadili, ili kuhifadhi vipande vya breki ambavyo ni rahisi.

SHAURI LA WAZEE JUU YA GIA YA KWANZA

Yafaa hapa kutaja shauri moja linalosikika mara kwa mara, kwamba gia ya kwanza ni ya kuanzia tu na isirudishwe kamwe gari likiwa katika mwendo. Shauri hilo lilikuwa na sababu yake. Katika giaboksi ya zamani, ya aina iliyoanzishwa na kampuni ya Panhard et Levassor ya Ufaransa mwaka 1891, dereva alitelezesha magurudumu ya meno mpaka yakakamatana. Kama hayakuwa yakizunguka kwa mwendo unaolingana, yalikwaruzana na hata kuvunjika. Kifaa cha kulinganisha mizunguko hiyo, kiitwacho sinkromeshi, kilianza kutumika katika magari ya Cadillac nchini Marekani mwaka 1928, lakini kwa miaka mingi watengenezaji walikifunga katika gia za juu tu. Morris Minor, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1948, haikuwahi kuwa nacho katika gia ya kwanza. Land Rover nazo hazikuwa nacho katika gia ya kwanza na ya pili mpaka mwaka 1971. Dereva wa magari hayo aliyetaka kurudi kwenye gia ya kwanza alilazimika kukanyaga klachi mara mbili na kuipandisha injini mzunguko kwa mafuta katikati ya hatua hizo. Asiyejua ustadi huo alionywa asijaribu.

Katika gari lenye sinkromeshi kwenye gia zote, katazo hilo limegeuka kuwa sharti la mwendo. Gari likienda kilomita 10 kwa saa, kutoka gia ya pili kwenda ya kwanza huipandisha injini kutoka mizunguko 740 hadi 1,300, jambo lisilo na madhara. Likienda kilomita 40, injini ingelazimishwa kuzunguka zaidi ya mara 5,100 kwa ghafula, na hapo klachi, giaboksi na magurudumu vyote huumia. Kwa hiyo gia ya kwanza yaweza kurudishwa, mradi gari limekwisha pungua hadi kukaribia mwendo wa mtu anayekimbia polepole.

KIJICHI: MWENDO ULE ULE, GIA TOFAUTI

Kisiwa cha Unguja hakina milima mirefu, lakini upande wake wa magharibi una safu za vilima vyenye udongo wenye rutuba, na barabara zinazotoka pwani huvipanda. Njia ya kutoka Bububu kwenda Kijichi, kwenye hamamu iliyojengwa mwaka 1850 wakati wa Seyyid Said, ni mojawapo. Tuseme katika mlima mmoja barabara hupanda mita 1 kwa kila mita 10, na gari la mfano linapanda kwa kilomita 15 kwa saa.

Uzito wa gari ni takriban nyutoni 12,000. Ukinzani wa magurudumu kwenye lami ni kiasi cha nyutoni 180. Mlima wenyewe hulivuta gari nyuma kwa sehemu ya kumi ya uzito wake, yaani nyutoni 1,200. Jumla inayotakiwa ni nyutoni 1,380. Kwenye tambarare, kwa mwendo ule ule, zilitakiwa nyutoni 180 tu. Saa ya mwendo haikubadilika, ila kazi imezidi zaidi ya mara saba.

Injini nayo itazamwe. Kwa gia ya tatu itazunguka mara 780 kwa dakika, na kwa ya pili mara 1,110. Tuseme katika mizunguko hiyo yaweza kutoa kani msokoto ya nyutoni-mita 60 na 80. Ikizidishwa kwa uwiano wa gia na difu, kisha ikagawanywa kwa nusu kipenyo cha gurudumu, ambacho ni mita 0.29, kani inayolisukuma gari itakuwa takriban nyutoni 1,170 kwa gia ya tatu, na nyutoni 2,230 kwa gia ya pili. Gia ya tatu haifiki zile 1,380 zinazotakiwa, hata dereva akikanyaga mafuta mpaka mwisho. Gari litapungua mwendo, injini itazidi kudhoofika, na mwisho itazima. Gia ya pili huuvuka mlima na kubakiza akiba.

Hapa ndipo kosa la kutegemea mwendo peke yake linapodhihirika. Kilomita 15 kwa saa kwenye tambarare zaweza kuvumiliwa kwa gia ya tatu. Kilomita 15 kwenye mlima huu ni za gia ya pili. Daladala iliyojaza abiria, ikikwea mlima huo huo kwa mwendo huo huo, yaweza kuhitaji ya kwanza. Dereva mwenye uzoefu hubadili gia chini ya mlima, kabla injini haijaanza kulalamika. Akichelewa, gari hupoteza mwendo zaidi wakati klachi imekanyagwa, na gia aliyoikusudia huwa haitoshi tena.

KUTEREMKA

Mlima uliopandwa huja kuteremkwa. Wapo madereva wanaoondoa gia kwenye mteremko, gari likashuka lenyewe, wakiamini kwamba wanaokoa mafuta. Gari la kilogramu 1,200 linaposhuka kimo cha mita 30 huachilia nishati ya jouli 360,000, kiasi kinachotosha kuchemsha lita nzima ya maji ya kawaida. Kama gia imeondolewa, karibu joto lote hilo huingia katika breki. Breki zikipata moto kupita kiasi hupoteza mshiko, na pedali hushuka bila gari kupungua mwendo. Anayezima injini kabisa hujiongezea hatari, kwa kuwa msaada unaoirahisisha breki, na katika magari mengi usukani pia, hutegemea injini inayozunguka.

Gari likiachwa katika gia ya pili bila kukanyagiwa mafuta, magurudumu hulazimika kuizungusha injini. Injini hutumia nishati kuvuta na kusukuma hewa na kushinda msuguano wake, hivyo hulizuia gari bila kuchoka. Katika magari yanayoongozwa kwa kompyuta, mafuta hukatwa wakati huo, kwa hiyo hata hoja ya kuokoa mafuta haina msingi. Kanuni inayotosha kukumbukwa ni kwamba gia iliyohitajika kuupanda mlima ndiyo ya kuteremkia mlima huo.

NJIA ZA MCHANGA

Mashariki ya kisiwa ni uwanda wa mawe ya matumbawe, na karibu na vijiji vya pwani kama Paje njia nyingi ndogo ni za mchanga. Pale gari halipandi mlima wowote, lakini mchanga mkavu huyameza magurudumu. Tuseme ukinzani wake ni nyutoni 1,800, zaidi ya ule wa mlima wa Kijichi. Dereva akiingia mchangani kwa gia ya tatu na kilomita 18 kwa saa, injini inayozunguka mara 930 haitaweza. Akikanyaga klachi ili ashushe gia, mchanga hulizuia gari kwa kiasi cha mita 1.5 kwa sekunde katika kila sekunde. Sekunde moja tu ya kubadili gia huutoa mwendo kutoka kilomita 18 hadi chini ya 13, na mara nyingi gari hukwama hapo hapo.

Kwa hiyo gia ya pili hutiwa kabla ya kuufikia mchanga, kisha mafuta hushikiliwa sawasawa bila kubadili kitu. Gia ya kwanza pamoja na mafuta mengi haifai mchangani, kwa kuwa kani yake huwa kubwa kuliko mshiko wa mchanga, magurudumu yakazunguka mahali pamoja na kujichimbia shimo.

MAGARI YA SIKU HIZI

Magari mengi yanayoletwa nchini leo hubadili gia yenyewe, na baadhi ya wanafunzi watauliza kama elimu hii bado ina kazi. Gari la namna hiyo hufuata sheria ile ile; tofauti ni kwamba uchaguzi hufanywa na mtambo. Mtambo haujui kwamba mbele kuna mteremko au mchanga, na ndiyo maana wengi wa watengenezaji huacha nafasi ya kulibana gari katika gia ya chini. Gari la umeme ndilo linalothibitisha hoja kwa njia ya kinyume. Mota yake hutoa kani msokoto kubwa tangu ikiwa imesimama, haina mpaka wa chini kama wa injini ya petroli, na kwa sababu hiyo magari mengi ya umeme huwa na uwiano mmoja tu wa gia. Gia zipo kwa ajili ya udhaifu wa injini katika mizunguko michache. Udhaifu ukiondoka, gia nazo hupungua.

Dereva anayefahamu jambo hili hajiulizi tu, "Gari linakwenda kilomita ngapi?" Hujiuliza pia, "Injini inatakiwa kushinda nini, na punde hivi itatakiwa kushinda nini?" Akiisikia ikitetemeka, hushusha gia kabla ya kuongeza mafuta. Injini hupona, na watu walio nyuma ya gari mlimani au mbele yake sokoni huwa salama zaidi.

JARIBIO LA DARASANI

Baiskeli igeuzwe, kiti na usukani vikae chini. Wanafunzi wahesabu meno ya gurudumu la pedali na yale ya gurudumu la nyuma, kisha watie alama ya chaki kwenye tairi. Pedali izungushwe polepole mara tano, na mizunguko ya tairi ihesabiwe. Jibu lilinganishwe na uwiano wa meno. Baadaye mwanafunzi mmoja ayabane matairi kidogo kwa breki huku mwenzake akizungusha pedali, kwanza upesi, kisha polepole sana, na darasa lieleze ni wakati gani pedali hukwama kwa urahisi.

MASWALI

1. Baiskeli ina meno 48 mbele na 20 nyuma. Pedali ikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara ngapi?
2. Gari la mfano linakwenda kilomita 12 kwa saa kwa gia ya pili. Injini huzunguka mara ngapi kwa dakika? Je, gia hiyo yafaa ikiwa gari linaanza kupanda mlima?
3. Eleza kwa nini daladala tupu yaweza kuupanda mlima kwa gia ya pili, na ikijaa abiria ikahitaji ya kwanza, ingawa mwendo wake ni ule ule.

Majibu: (1) Mara 2.4. (2) Takriban mara 890. Haifai, kwa kuwa mzunguko huo uko karibu mno na mpaka wa chini wa injini. (3) Mvuto wa mlima huongezeka kadiri ya uzito, na kani ya injini katika mzunguko ule haiongezeki ila kwa kubadili uwiano wa gia.